MREJESHO: Wanafunzi waliokuja kuhudumia wazee kwa ajili ya saa tu

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje, mimi kiranja wa huduma katika shule ya Kikatoliki, maana wenzangu wakifika makao ya wazee wanasaini fomu ya saa za huduma ambazo shule inazitaka, kisha wanashika simu.

Mmoja wenu alishauri tuache kwenda kundi zima, twende wawili wawili kama Yesu alivyowatuma mitume (Marko 6:7), na kila jozi irudi kwa mzee yuleyule. Akanikumbusha pia Frédéric Ozanam, aliyeanzisha na wenzake Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, cha Wakatoliki wanaohudumia maskini, mjini Paris mwaka 1833. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu! Hilo lilinipa moyo kuliko yote.

Nikaanza na mimi mwenyewe. Bibi niliyepangiwa haoni vizuri. Namsomea Injili ya Jumapili, kisha namkata kucha. Ya kidole gumba ni ngumu mpaka niiloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Jumamosi iliyopita alinitambua kwa hatua zangu, kabla hata sijamwamkia.

Fomu ya saa bado ipo, shule inaitaka. Ila wenzangu wawili walishamaliza saa zao na bado wanakuja. Jozi moja imegoma kabisa, sijawalazimisha. Nimeongea na padre mlezi wetu, atakaa nao.