West Nile hakuna theluji! Acheni kutufungisha mizinga kwa nailoni, nyuki wetu wanakufa kwa kiangazi

Wadau wa nyuki, nimevumilia vya kutosha. Naandika kutoka Yumbe, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wenzangu wa Koboko, Arua na Moyo watanielewa upesi.

Kuna mradi ulikuja kwetu, jina siliweki hapa, waliokuwepo wanaujua. Walituita ukumbini, wakatugawia kijitabu chenye picha nzuri, na somo kubwa likawa jinsi ya kuandaa mzinga kwa msimu wa baridi. Zungushia mzinga nailoni nyeusi. Ziba mianya yote. Punguza mlango ubaki upana wa kidole. Weka sponji chini ya mfuniko. Haya yote tuyafanye mwezi wa kumi na mbili, West Nile! Mwezi ambao nyasi zimekauka, moto unatembea porini, na bati la paa saa nane mchana huligusi kwa mkono mtupu.

Watu walitii. Mtu kaja na gari, ana shahada, anagawa mizinga ya bure, nani atabishana naye? Mama mmoja wa kikundi chetu, mjane, anayelipa karo ya watoto kwa asali, alifunga mizinga yake yote vilevile alivyoelekezwa. Mwezi wa pili tulikwenda kumsaidia kufungua. Masega yalikuwa yameng'oka kwenye vipau, yaani vile vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea masega, na kulaliana chini. Majana, yaani watoto wa nyuki, yamefia ndani ya vijumba, asali imechuruzika hadi nje, na siafu wameifuata. Nyuma ya ule mlango wa upana wa kidole kulikuwa na nyuki waliokufa wamerundikana, vichwa vyote vimeelekea nje. Walikuwa wanatafuta hewa. Waliobahatika walikuwa wamehama zamani.

Tulipompigia simu mtaalamu wao alijibu kwamba nyuki wa Kiafrika ndivyo walivyo, wana tabia ya kuhama. Kisha akakata. Jibu hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Sikilizeni. Nyuki hulea majana kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35, na hawataki lizidi hapo. Joto likipanda wanaleta maji, wanayatandaza ndani ya mzinga, halafu wanapiga mabawa mlangoni ili hewa izunguke. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, lakini hulegea mapema zaidi, na sega jipya lililojaa asali linavunjika kwa uzito wake likipita nyuzi 40. Sasa wewe unaziba mianya, unabana mlango, unavisha mzinga nailoni nyeusi juani, na mahali ambapo kijito kimekauka. Umewanyang'anya nyuki hewa na maji kwa pamoja. Kisha unalaumu tabia zao!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hiyo baridi yenyewe hawakuielewa. Nimesoma, nimeuliza watu wanaofuga Ujerumani na Kanada. Huko nyuki hawalali majira ya baridi. Hali ya hewa ikishuka karibu na nyuzi 10 wanajikusanya kuwa bumba moja, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na humo katikati panabaki na joto hata kama nje ni barafu tupu. Kundi kubwa, lenye afya na asali, linavuka miezi yote hiyo. Kwa hiyo likifa, kwa kawaida baridi imekuja tu kumalizia kazi iliyoanzwa na kitu kingine.

Na kitu hicho mara nyingi ni utitiri wa varoa, kidudu kidogo kinachomng'ang'ania nyuki mwilini. Nyuki kibarua wa majira ya joto huko anaishi wiki sita hivi, lakini wale wanaozaliwa mwisho wa msimu, Agosti na Septemba, wana akiba ya mafuta mwilini na wanaweza kuishi hata miezi sita. Hao ndio wanaobeba kundi hadi maua ya kwanza. Utitiri unakula akiba hiyo ya mafuta na kuwaambukiza virusi vya kupinda mabawa. Wakizaliwa wagonjwa, kufika Desemba wamekwisha, malkia amebaki na kiganja cha nyuki wasioweza kupashana joto. Ndiyo maana mfugaji makini wa huko anahesabu utitiri na kutibu mwisho wa majira ya joto, kabla nyuki hao hawajalelewa. Akisubiri Novemba amechelewa. Katikati ya baridi, wakati hakuna majana, wengi wanarudia kwa asidi ya oksaliki.

Muuaji wa pili ni njaa. Kundi moja linahitaji kilo 20 na zaidi za asali, na penye baridi kali kilo 30 hadi 40. Tena bumba dogo linaweza kufa njaa na asali ipo sentimita chache pembeni, kwa sababu nyuki hawathubutu kuachana kwenda kuifuata. Kwa hiyo huko makundi dhaifu huunganishwa mapema, na sukari hupewa kabla ya baridi kuingia.

Muuaji wa tatu ni unyevu. Pumzi ya nyuki hupanda, inagusa mfuniko wa baridi, inageuka maji na kuwadondokea. Nyuki mkavu huvumilia baridi, aliyelowa hufa. Ndiyo maana huko wanakinga mfuniko usipoe na kuacha njia ya hewa. Mzinga uliozibwa kila upande kwa nailoni ungewapa shida hata Kanada! Hawa watu walichukua somo la kwao nusunusu, wakaja kutufanyia majaribio sisi.

Kipindi chetu kigumu ni kiangazi. Mvua ikikatika mwezi wa kumi na moja, maandalizi yake yanatakiwa yawe yamekwisha kuanza. Hilo ndilo walipaswa kutufundisha. Kundi liingie Desemba likiwa na watu wengi na chakula. Lakini wanunuzi haohao wa asali, wanaoshirikiana na mradi, wanatusukuma tuvune kila sega, hadi lile lenye majana, kwa sababu wanalipa kwa kilo. Nyuki aliyeachiwa mzinga mtupu mwanzo wa kiangazi atakaa kwa nini? Mzee wangu alikuwa akivuna mizinga ya magogo anaacha upande mmoja mzima, na hakuna mtaalamu aliyewahi kumfundisha. Acheni angalau theluthi ya masega ya asali. Mzinga uwe kivulini, ufunikwe kwa nyasi juu, maji yawe karibu yakiwa na vijiti vya nyuki kutua wasizame. Nyaya za kuning'inizia zipakwe grisi dhidi ya siafu, na nyasi zifyekwe kuzunguka eneo lote kabla ya moto.

Dawa za varoa msinunue ovyo. Utitiri huo uligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na kwetu Uganda upo pia, lakini nyuki wetu kwa sehemu kubwa wanaishi nao bila dawa. Anayekuja kukuuzia vipande vya dawa anaweza kukuachia mabaki kwenye asali, na asali yenye mabaki yanayozidi kiwango haiendi Ulaya.

Hata mizinga ya bure waliyotuletea haikupimwa. Vipau vina upana wa milimita 35, kipimo cha nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu ni mdogo, anataka 32. Ukimpa 35 anajenga sega la kukatiza vipau viwili, na siku ya kuvuna unapasua kila kitu, majana yanamwagika. Rula ya mtoto wa shule ingetosha kuliona hilo.

Halafu miti. Mshea, ule mti wa mafuta ya shea, unachanua katikati ya kiangazi, wakati pori zima halina kitu. Ndio unaobeba nyuki wetu hadi mvua zirudi, na ndio unaokatwa kwa mkaa kila siku. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa huku kaskazini, lakini magunia bado yanasafiri usiku, tunayaona. Mradi wenye pesa za nailoni na sponji haukupanda hata mche mmoja. Haukuzungumza na wanaopulizia nyanya dawa ya wadudu asubuhi, nyuki wakiwa juu ya maua, wakati kupulizia jioni kungeokoa maelfu. Imidakloprid, dawa ya wadudu ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018, hapa sokoni unauziwa bila swali.

Ninachodai ni hiki: waliotoa mafunzo hayo warudi, wakae na kikundi chetu, na wamlipe yule mama makundi yake. Afisa wa wadudu wa wilaya awepo siku hiyo, na kijitabu kile kisigawiwe tena mahali popote Uganda.

Na wewe unayesoma hapa, kama mzinga wako bado una nailoni, nenda ukaivue leo jioni jua likizama, panua mlango, weka maji. Kisha rudi uniandikie hapa ni wilaya gani, ulipewa kijitabu mwezi gani, na makundi mangapi yamebaki. Nakusanya majina ya vikundi ili tupeleke malalamiko kwa pamoja.