Kamati ya harusi wamegomea invoisi yangu, nawaelewesha vipi?

Kivuli cha Sinza: Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga picha, nimepata harusi Mbezi Beach, nikawaandikia 1,800,000 picha na video na nikaichambua kabisa wasiseme nawapiga, msaidizi, kuediti, albamu, usafiri, uchakavu wa vifaa 300,000, bima 150,000. Mwenyekiti kanipigia yuko kikaoni, "kijana, kamera tukishailipia hii laki tatu, harusi ikiisha tunaondoka nayo?" Kamati nzima ikaangua kicheko nasikia. Watu kama hawa unawaeleza nini?

Mzee wa Flashi: Umejichongea mwenyewe. Fundi cherehani anakuandikia uchakavu wa sindano? Taja bei moja, basi. Wakikubana piga hesabu: kamera ya Canon 5D Mark IV shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila picha, imepimwa mipigo 150,000, harusi moja unafyatua 3,000, harusi 50 kwishnei.

Mama Junior77: Mnatuumiza sana nyie watu. Send-off ya mdogo wangu jamaa alikula advansi akapotea, picha hatujaziona na mtoto wao sasa hivi yuko chekechea.

Wakala Mpole: Mkuu hiyo bima ni ipi?

Kivuli cha Sinza: Ya vifaa tu, ya kawaida.

Wakala Mpole: Ya kawaida ndio ipi? Begi likiibiwa kwenye gari inalipa? Sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe ni kiasi gani? Na wateja uwaambie ukweli, bima ya vifaa inalipa kamera, picha za harusi zikipotea hailipi.

Kivuli cha Sinza: Sawa, niseme tu. Bima sina. Ila hiyo 150,000 kila harusi naiweka pembeni, bodaboda wakinikwapua begi najinunulia, si ndio bima hiyohiyo? Shida mweka hazina wao anafanya kazi bima, kaomba nakala, nikamwambia iko njiani.

Dogo Tandale: Imefika Chalinze?

Wakala Mpole: Hiyo ni akiba. Andika akiba ya vifaa, au ukate bima kweli kwa waliosajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima.

Kivuli cha Sinza: Kubadilisha siwezi mkuu, advansi walitoa kwa invoisi hiyohiyo na nimeshanunulia lenzi.

Ngurumo: Ngoja. Si wamegomea invoisi? Advansi imetoka wapi? Wakuu hii chai. Halafu huyu huyu mwezi wa tatu alileta uzi anafuga kuku Kibaha.

Kivuli cha Sinza: Walilipa kabla hawajasoma vizuri. Na kuku walikufa.

Mzee wa Flashi: Walikuwa na bima?

Mama Junior77: 😂😂 Mimi nimekaa hapa sitoki.

Kivuli cha Sinza: Chekeni tu. Wakala nakuja PM, kikao ni kesho saa kumi na moja jioni. Ukinikatia yenye tarehe ya mwezi uliopita inakuwa shilingi ngapi?