Yudithi wa Artemisia: kisasi au ufundi?

Wakuu, kuna hoja moja nimeichoka: eti Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia wa karne ya 17, alipomchora Yudithi, yule mjane wa Kiyahudi, akimchinja Holoferne, jemadari wa maadui, kichwani mwake alikuwa anamchinja Agostino Tassi.

Kwa asiyekijua kisa: Tassi, mchoraji aliyefanya kazi na baba wa Artemisia, alimbaka binti huyo huko Roma mwaka 1611, akiwa na miaka 17. Kesi ikasikilizwa 1612. Aliyebanwa vidole kwa kamba ili ithibitike hasemi uongo ni yeye, si Tassi. Tassi akakutwa na hatia, adhabu yenyewe ikaishia hewani. Mchoro wa kwanza, ulioko Napoli, unawekwa kwenye miaka hiyohiyo. Wa pili, wa mnamo 1620, uko jumba la makumbusho la Uffizi, Firenze.

Haya, tazameni mikono. Yudithi amepandisha mikono ya gauni, mkono mmoja umekamata nywele za jamaa, mwingine unasukuma upanga, na mwili ameuvuta nyuma. Mjakazi yuko juu ya Holoferne, anamkandamiza kwa uzito wake wote. Aliyewahi kushika mbuzi wa kuchinjwa anaelewa: mmoja anakaba, mwingine anakata. Yudithi wa mchoraji Caravaggio, aliyetangulia kwa miaka kumi na kitu, amekunja uso na kujitenga, pembeni bibi kizee anasubiri kichwa. Unabaki unajiuliza shingo ile inakatika vipi. Artemisia alijiuliza pia, akajibu. Hilo ni swali la fundi. Na fundi huyu mwaka 1616 aliingia akademia ya wasanii ya Firenze, mwanamke wa kwanza. Caravaggio aliua mtu mwaka 1606, mbona michoro yake hatuielezi kwa faili la mahakama?

Ila kuna mahali mnaweza kunibana, bora niseme mwenyewe. Katika Kitabu cha Yudithi, sura ya 13 (wenye Biblia ya Kikatoliki fungueni), mjakazi anaambiwa asubiri nje. Caravaggio alimwingiza ndani, akamwacha amesimama tu. Artemisia amempa kazi. Na kwenye ushahidi wake alieleza kwamba alijaribu kupiga kelele akimwita Tuzia, mwanamke aliyeishi nao nyumba moja. Tuzia hakumwokoa.

Wa upande wa kisasi, anzieni hapo. Mimi hapo bado sijajipanga.