Mama yuko kwenye mashine ya figo, anatumia warfarini, na mifupa imeanza kuvunjika

BintiTanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Mama yangu ana miaka 63. Figo zilifeli kwa sababu ya presha, na tangu 2021 yuko kwenye mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mwaka uliofuata moyo ukaanza kudunda ovyo. Wakatuambia damu inaweza kuganda ndani ya moyo ikapanda kichwani, wakamwanzishia warfarini. INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) tunapima: safari hii 2.3, safari nyingine imeruka mpaka 4 na ushee, na chakula ni kile kile.

Mwezi uliopita alikuwa karoni anafua vitambaa vyake, akashika ukingo asiteleze. Hakuanguka. Mfupa wa mkono wa kulia ukakatika pale juu ya kiganja (fistula, ule mshipa wa kuunganishia mashine, iko kushoto, namshukuru Mungu). Mwaka jana alivunjika ubavu kwa kukohoa tu. Daktari wa mifupa kamfunga hogo, kasema mifupa imekuwa myepesi, kamwandikia kalsiamu. Muuza duka la dawa alipoona warfarini kwenye karatasi akasema, "Hiyo ndiyo inayomla mama yako mifupa."

Tangu hapo nyumbani hapakaliki. Mama mkubwa anataka vidonge viachwe leo leo, na kila siku analeta supu ya kongoro ili mifupa ijijenge. Mimi naogopa kiharusi, maana bibi yetu alikwenda hivyo.

Je, ni kweli warfarini inaharibu mifupa? Na kama ni kweli, ipo dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ambayo mtu wa mashine anaweza kutumia?

Valvu_Chuma

Pole kwa kuuguza. Figo zangu ni nzima, ila nina valvu ya chuma kwenye moyo, na warfarini kwangu ni ya maisha. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilijaribiwa kwa watu wa valvu za chuma zikashindwa. Ninachokuomba ni kimoja: mama mkubwa asiguse vidonge. Niliyelazwa naye kitanda cha pili aliacha vyake kwa sababu ya maneno ya watu. Alirudishwa wodini upande mmoja umelala, na hajaongea sawasawa mpaka leo.

MuuguziWaMashine

Marahaba mwanangu, pole sana.

Muuza dawa hakukosea, ila kakupa nusu ya habari. Warfarini inafanya kazi kwa kuikwamisha vitamini K. Ini linaihitaji vitamini hiyo kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na ndiyo maana damu inachelewa kuganda. Sasa mfupa nao unaihitaji. Kuna protini ya mfupa inaitwa osteokalsini, na bila vitamini K haishiki kalsiamu vizuri. Kuta za mishipa ya damu nazo zina protini yao ya kuzuia kalsiamu isijijenge humo, na warfarini inailaza. Hili la mishipa ndilo linalonitisha zaidi kwa wagonjwa wangu, kwa sababu mishipa ya mtu wa mashine hukakamaa kwa kalsiamu hata bila warfarini. Mama akianza kupata maumivu makali ya ngozi ya mapaja au tumbo, madoa ya zambarau, kisha vidonda vyeusi, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni saa hiyo hiyo.

Lakini mkono kuvunjika kwa kushika karo, kesi hiyo siipi warfarini peke yake. Figo zikishindwa, madini ya fosfeti yanayotoka kwenye chakula hayatoki mwilini, vitamini D haigeuzwi kuwa ile inayofanya kazi, na kalsiamu ya kwenye damu inashuka. Vile vitezi vinne vidogo vya shingoni, nyuma ya thiroidi, vinaanza kumwaga homoni ya PTH bila kupumzika, na kazi ya homoni hiyo ni kutoa kalsiamu mfupani kuipeleka kwenye damu. Mfupa unakuwa ghala linalochotwa kila siku na halijazwi.

Kwa hiyo nitafutie majibu ya maabara kwanza: fosfeti, kalsiamu, PTH, na alkalini fosfatasi (hiyo huonyesha mfupa unavyosumbuka). Na niambie kalsiamu aliyoandikiwa anaimeza saa ngapi.

Supu ya kongoro isimame leo. Mama mkubwa anafanya kwa mapenzi, mwambieni kwa heshima. Supu ya mifupa, dagaa wanaotafunwa wazima, maziwa mengi, soda nyeusi, vyote vinaleta fosfeti, na mashine kwa muda wa saa nne haiwezi kuitoa yote.

BintiTanga

Nimechukua faili. Fosfeti 2.4, kalsiamu 2.1, PTH 1,140, alkalini fosfatasi ina mshale wa juu. PTH ni ya mwaka jana, haijarudiwa. Kalsiamu anameza usiku akienda kulala, kwa sababu asubuhi vidonge vinakuwa vingi.

Halafu, kila akikaa kwenye mashine wanamwekea heparini. Hiyo si ya kuzuia damu kuganda vilevile? Ina maana anapata mbili?

MuuguziWaMashine

Sasa tunaona njia. Fosfeti ya mtu mwenye figo nzima haizidi 1.5 hivi. PTH kwa mtu wa mashine hatutaki ishuke ikawa ya kawaida, maana mfupa nao hulala ukaacha kujitengeneza. Miongozo ya kimataifa inaikubali ikiwa kati ya mara 2 na mara 9 ya kikomo cha juu cha maabara. Kama kikomo chenu ni 65, ni kuanzia 130 hadi 585. Mama alikuwa 1,140, tena mwaka jana. Mimi naona tatizo kubwa la mifupa liko hapo, na linatibika: fosfeti ishushwe, kisha daktari wa figo aangalie vitamini D ile iliyokwisha kugeuzwa, au dawa ya kutuliza vitezi. Ile vitamini D ikitangulia fosfeti ikiwa bado juu, inaipandisha zaidi.

Kalsiamu ya usiku irekebishwe. Mtu wa mashine huimeza pamoja na chakula ili ikamate fosfeti tumboni kabla haijaingia mwilini. Ikimezwa tumbo tupu inaingia kwenye damu, na kwa mtu wa warfarini naogopa itaishia kwenye mishipa. Ulizeni kama abaki nayo au apewe sevelama, ambayo nayo hukamata fosfeti ila haina kalsiamu.

Mkiambiwa kuna sindano ya mifupa ya kila miezi sita, msikubali kabla daktari wa figo hajajua. Inaitwa denosumabu. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kuliko yote kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wa mashine: kalsiamu iliporomoka, wengine wakafa. Inafaa sana kwa bibi mwenye figo nzima. Kwa mama ni habari nyingine.

Heparini: ndiyo, kwa saa zile anapata mbili. Inawekwa ili damu isigande kwenye chujio na mipira, na nguvu yake huisha kwa saa chache. Kila siku ya mashine mwambieni muuguzi wa zamu kwamba anatumia warfarini, na mwonyesheni INR ya mwisho. Dozi hupunguzwa, na kuna siku huachwa kabisa. Kwenye mifupa nayo ina lawama, lakini ilijulikana zaidi kwa watu wanaochomwa kila siku kwa miezi, kama wajawazito waliowahi kuganda damu. Kwa mama ningeiweka mwisho kabisa.

MkeWaMzee_Msa

Pole dadangu. Mzee wangu yuko kwa dayalisisi huku Mombasa. Naye INR ilikuwa haitulii, damu ya pua ikimtoka hadi mto unalowa, ndipo daktari wake akamgeuzia apiksabani, moja ya zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda. SHA, bima ya afya ya serikali huku Kenya, yalipa dayalisisi, lakini tembe hizi twajinunulia na si rahisi. Afueni ni kwamba hapimwi INR tena, na sukuma wiki sasa ala bila kuogopa vitamini K. Bado naichemsha na kumwaga maji ya kwanza, kwa sababu ya potasiamu. Daktari alimpima uzani na kuuliza miaka kabla ya kuamua nguvu ya tembe. Usijaribu kununua tu.

MuuguziWaMashine

Ahsante dada. Apiksabani kiasi cha robo tu ndiyo hutolewa na figo, kwa hiyo wa mashine anaweza kuimudu kwa uangalizi. Dabigatrani, nyingine katika hizo mpya, ni kama asilimia 80, hiyo msiikaribie.

BintiTanga, nikueleze ushahidi ulivyo. Majaribio mawili ya apiksabani kwa watu wa mashine yalikuwa madogo, Marekani watu 154 na Ujerumani 97, hayatoshi kukata shauri. Kumbukumbu za wagonjwa wa mashine wa Marekani zilizochapishwa 2018 zilionyesha waliokuwa kwenye apiksabani wakitokwa damu vibaya kwa uchache kuliko wa warfarini. Upande wa mifupa, watafiti wa Hong Kong mwaka 2020 waliona wagonjwa wenye mapigo kama ya mama wakivunjika kwa uchache kwenye dawa mpya. Hao hawakuwa watu wa mashine. Kwangu inatosha kukupeleka kwa daktari na swali, hasa kwa INR inayoruka hivyo.

Ila kabla ya yote, eko, ile picha ya moyo, inasemaje kuhusu valvu? Kwetu watu wengi wana valvu ya mitro iliyobana, ugonjwa ulioanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Mtu wa namna hiyo hatolewi kwenye warfarini. Jaribio la 2022 lililohusisha wagonjwa wa Afrika lilipima rivaroksabani, nayo ni moja ya dawa mpya, kwa watu hao, na waliobaki kwenye dawa za jamii ya warfarini ndio waliokufa wachache.

BintiTanga

Eko ni ya 2022. Imeandikwa valvu ya mitro imenenepa kidogo, haijaandikwa kama imebana. Nitaomba irudiwe. Mama ana kilo 54, nimeiandika pia. Jumatano nitamwona daktari wa figo na faili lote, na PTH irudiwe. Mama mkubwa nimekaa naye. Amelia, amekubali supu isimame, na vidonge havijaguswa.

MuuguziWaMashine

Mungu ambariki. Jumatano hiyo damu ya fosfeti itolewe kabla hajaunganishwa. Ikitolewa baada ya mashine itasoma chini na daktari ataridhika bure. Na mkono ukiuma mpeni Panadol tu, kwa kiasi alichoandikiwa. Diklofenaki isiingie humo ndani hata kidonge kimoja, wala ya kupaka, kwa huyu wa warfarini.