Naomba ushauri: nizipimeje lawama za wahafidhina wa Marekani dhidi ya waandishi wa habari za siasa?

Mhariri wa Usiku (mleta mada):
Wanajamvi, salaam. Ninafanya kazi kwenye dawati la habari za kimataifa la gazeti moja hapa Dar es Salaam, na habari zetu nyingi za siasa za Marekani tunazichukua kwenye mashirika makubwa ya huko. Shemeji yangu anayeishi Dallas, mfuasi wa chama cha Republican, hunilaumu kwamba tunawalisha wasomaji siasa za kiliberali bila wao kujua. Bosi wangu anasema hiyo ni propaganda ya wanasiasa wasiopenda kuulizwa maswali. Sijaridhika na jibu la yeyote kati yao. Je, lawama hizi zina msingi, na nifanye nini ninapoletewa habari ya aina hiyo usiku, ukurasa ukisubiriwa mtamboni?

Kirumbizi:
Ndugu mleta mada, lawama hizi ni za zamani kuliko Trump. Tarehe 13 Novemba 1969, mjini Des Moines, Makamu wa Rais Spiro Agnew aliwashambulia wachambuzi wa televisheni kwa kuikosoa hotuba ya Rais Nixon kuhusu vita vya Vietnam mara tu ilipomalizika, akisema kwamba kikundi kidogo cha watu wasiochaguliwa na yeyote ndicho kinachoamua taifa lione nini. Agnew mwenyewe hakuwa malaika, maana alijiuzulu mwaka 1973 kwa kesi ya kukwepa kodi, lakini swali lake kuhusu nani anakaa chumba cha habari bado liko hai. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 36.4 ya waandishi walijitaja kuwa wa Democratic na asilimia 3.4 tu wa Republican, huku wengi wa waliobaki wakisema hawana chama.

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi ni namna shaka inavyogawiwa. Mwaka 2004 televisheni ya CBS ilitangaza nyaraka kuhusu utumishi wa Rais George W. Bush, wa Republican, katika jeshi la akiba, kisha ikaomba radhi kwa kuwa haikuweza kuthibitisha uhalali wake. Mwaka 2020 gazeti la New York Post lilipochapisha habari za barua pepe kutoka kompyuta ya Hunter Biden, mtoto wa Joe Biden aliyekuwa mgombea urais wa Democratic, vyombo vingi vilizikwepa, na ilipofika 2022 ndipo New York Times na Washington Post walipothibitisha sehemu ya barua pepe zile. Nyaraka za kwanza ziliaminiwa upesi mno, za pili zikatiliwa shaka muda mrefu mno, na mara zote mbili kosa lilielemea upande uleule.

Bint Saadani:
Kaka Kirumbizi, mfano wako wa pili umeachwa nusu. Washington Post liliomba nakala ya diski ya kompyuta ile mwaka 2020 likanyimwa, na mhariri makini angethibitisha nini bila kuiona? Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka huohuo uliwaandikia waandishi kwa jina la mgombea wa kubuni, itikadi yake ikibadilishwa kutoka barua moja hadi nyingine, na wahafidhina hawakunyimwa majibu zaidi ya wengine. Wala tiba ya mrengo wa kulia si salama: mwaka 2023 Fox News, televisheni ya wahafidhina, ilikubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 baada ya kutangaza madai ya uongo kuhusu mashine hizo.

Mhariri wa Usiku:
Ahsanteni sana. Basi je, inatosha kuweka chanzo kimoja cha kulia kando ya kile cha kushoto?

Kirumbizi:
Haitoshi, na dada Bint Saadani ana haki kuhusu diski, ingawa kukosa nakala hakuelezi kwa nini wengine walikimbilia kuihusisha habari ile na Warusi kabla ya ushahidi. Utafiti aliouleta unapima nani anajibiwa, haupimi habari inaandikwaje baada ya hapo. Shemeji yako naye akutumie aya mahususi anayoilalamikia, kwa sababu lawama ya jumla haihaririki.

Kazini, anza na kitu chenyewe: hotuba kamili, hukumu ya mahakama au orodha ya kura za Bunge, ambavyo mara nyingi hupatikana bure mtandaoni. Futa sifa ambazo mwandishi amembandika mwanasiasa, kisha jiulize kama kichwa kilekile ungekiacha endapo vyama vingebadilishana nafasi. Sentensi ya afisa asiyetajwa jina ikiwa ndiyo nguzo pekee ya habari, iache ilale hadi toleo la kesho.