Nimegeuza maganda ya risasi za 30-06 kuwa 8x57: likiwa tupu linaingia, nikipachika kichwa bolti inagoma

Mluguru wa Theluji

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua kujaza risasi upya, kabla sijafanya kosa lisilorekebishika.

Naishi Wisconsin. Mzee jirani yangu ameniuzia bunduki yake ya Mauser M48, ile ya Yugoslavia inayotumia risasi za 8x57, nami naitaka kwa msimu wa kulungu Novemba. Pamoja nayo alinipa ndoo ya maganda ya 30-06 aliyookota kwenye uwanja wa shabaha miaka na miaka. Nikasoma kwamba kitako cha 30-06 na cha 8x57 ni karibu sawa, tofauti ni kwamba 30-06 ina urefu wa milimita 63 na ushee, hii yangu 57. Nikaona basi, nikate tu.

Nilichofanya: nakata kwa msumeno wa chuma nikiacha kama 58, napaka mafuta, nalipitisha kwenye dai (kalibu ya chuma) ya 8x57 hadi bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, lirudi nyuma, kisha nalisawazisha kwa tupa mpaka 56.8. Ganda tupu linaingia chemba (tundu la bunduki linalopokea risasi) na bolti, yaani komeo lake, inafunga bila shida. Nikishapachika kichwa cha risasi, mkono wa bolti unaishia nusu ya safari hadi niusukume kwa kiganja. Nikilitoa naona shingo imekwaruzwa, inang'aa kuzunguka pande zote.

Nimetengeneza 20, na 4 kati yake tayari zina baruti na fataki (kiwashio cha kitakoni). Je, nikizisukuma zikaingia, nipige tu, au?

FundiTupa

Mkuu, usipige hata moja. Hizo 4 ziweke kando sasa hivi, uzing'oe vichwa kwa ile nyundo ya kung'olea, baruti uimwage.

Fikiria shingo hiyo imetoka wapi. Sehemu kubwa ya shingo halisi ya 30-06 umeikata na kuitupa. Shingo uliyo nayo sasa, sehemu kubwa ni shaba ya bega iliyobanwa ikawa shingo, na ganda la risasi huwa nene kadiri unavyoshuka kuelekea kitako. Kwa hiyo una shingo nene kuliko ile chemba iliyotengenezewa. Likiwa tupu unaweza usione, maana dai imelibana kwa nje. Ukipachika kichwa cha milimita 8.22, unene wote unasukumwa nje. Mkwaruzo ule ni ukuta wa chemba unakuonyesha pasipo na nafasi.

Hatari yenyewe ni hii: baruti ikiwaka, shingo inatakiwa ipanuke kidogo iachie kichwa kiende. Isipopata pa kupanukia inakibana, na mgandamizo unapanda ghafla ndani ya chemba, uso wako ukiwa sentimita chache nyuma ya bolti. Kusukuma kwa kiganja ndiko kunakoua watu kwenye kazi hii.

Nunua pakiti moja ya risasi za kiwandani, pima shingo yake na yako kwa kalipa, utuletee namba.

Mluguru wa Theluji

Asante sana mkuu, mwili umesisimka. Nimeshazing'oa zote 4. Nimepima: ya kiwandani shingo ni 8.88, zangu zinacheza kati ya 9.12 na 9.15.

FundiTupa

Umeona sasa. Ya kiwandani ukuta wake ni kama 0.33, wako 0.46. Kuna njia mbili: kupunguza kwa nje kwa kifaa cha kukwangulia shingo, au kwa ndani kwa rima (kekee ya kupanulia tundu). Mimi hukwangua nje, ganda likiwa limevaa kipini ndani, maana unene unatoka sawa pande zote. Shuka taratibu, pima kila ganda peke yake. La mwenzake halikuambii lolote.

Halafu kuna kipimo nisichokiruka kamwe. Risasi ya kwanza ikishapigwa, chukua ganda lake kabla hujaligusa kwa dai, udondoshe kichwa kipya kwenye mdomo wa ganda. Kikiteleza chenyewe, shingo ina nafasi. Kikigoma, rudi kukwangua.

Bi Rehema Dodoma-Toronto

Mwanangu, hujasema kama shingo ulizilegeza kwa moto. Shaba ikikatwa, ikabanwa na kukwanguliwa inakakamaa, baada ya kupigwa mara moja mbili shingo inapasuka kwa urefu. Marehemu mume wangu alikuwa akiyasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji yaliyofunika nusu ya chini, fataki zikiwa zimeshatolewa, anapitisha moto shingoni tu, rangi ikianza kubadilika analiangusha majini. Maji ni ya kuzuia joto lisishuke. Kitako kikilainika ganda hilo ni la kutupa, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Na mafuta yawe kidogo. Yakizidi yanajikusanya kwenye dai na kulibonyeza bega, unapata vibonde.

Mzigua77

Swali la pembeni: hii kazi tunaweza kuifanya hapa Tanga?

FundiTupa

Mzigua77, usijaribu. Nyumbani silaha na risasi ni mambo ya leseni. Mwenzetu yuko mahali ambapo mtu anaruhusiwa kujijazia risasi zake za kuwindia.

Kasuku Mweusi

Nashangaa hakuna aliyegusa maandishi ya kitako. Mkuu, maganda yako yote yameandikwa 30-06, na sasa ndani yana kichwa cha 8.22. Tundu la mtutu wa 30-06 linachukua kichwa cha 7.82. Na risasi ya 8x57 kwa kuwa ni fupi, inaweza kuingia kwenye chemba ya 30-06 na bolti ikafunga. Mtu akiokota moja mezani kwako, akasoma kitako, akaitia kwenye bunduki yake ya 30-06, anasukuma kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba.

Mimi hupaka kitako chote wino mwekundu usiofutika, naziweka kwenye boksi lake lenye lebo, na uwanjani simgawii mtu hata moja. Nikimaliza nahesabu maganda kabla sijaondoka.

Jambo jingine, M48 yako ni ya baada ya vita, kichwa cha 8.22 ni sahihi. Ila anayesoma uzi huu akiwa na bunduki ya Kijerumani ya modeli ya 1888 asiige. Zile za mwanzo zilikuwa na tundu dogo zaidi, kichwa cha 8.22 kililetwa 1905. Apimishe mtutu kwanza.

Mluguru wa Theluji

Nimerudi, wakuu. Bi Rehema, shikamoo na pole kwa mzee, nimefuata ya sinia la maji neno kwa neno. Nimenunua kifaa cha kukwangulia, nimefanya maganda 12. Mawili nimeyatupa, yalikuwa manene upande mmoja. Haya 10 yanasoma 8.88 hadi 8.90 yakiwa na kichwa, bila baruti, na bolti inafunga kwa vidole viwili. Vitako vyote vyekundu.

Baruti nitaanza na kipimo cha chini kabisa cha kitabu, maana maganda haya huenda yana kuta nene na nafasi ndani ikawa ndogo. Jumamosi naenda uwanjani na tatu tu, na kichwa kimoja kipya mfukoni cha kudondosha.