Niliwaambia wauzaji hosi ni ya kubeba kijiko. Juzi kijiko ndicho kilichoivuta hosi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimekalia ndoo ya oili hapa Ilula, siku ya tatu leo, kushoto matenga ya nyanya, kulia hosi yangu (kichwa cha lori cha kuvuta trela) imeinuliwa kabini na giaboksi iko chini juu ya magogo. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Mimi ni mkandarasi mdogo, wale wa barabara za vumbi, makalavati na mitaro. Nina kijiko, yaani mtambo wa kuchimba, cha tani 22 na rola moja ya kushindilia. Miaka yote nimekuwa nakodi lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, na aliyewahi kukodi lobedi anajua: unaambiwa linakuja Jumanne, linaingia Ijumaa usiku, na siku zote hizo opereta anakula posho na mshauri wa mradi anakuandikia barua. Safari ya mwisho Dar hadi Iringa nilitoa milioni 4.2, ya kwenda tu. Nikasema basi, nakopa, nanunua changu.

Nikaenda yadi moja Dar. Jina silitaji, na hata kampuni iliyoitengeneza hosi sitaitaja kwa sababu kosa si la kiwanda. Kiwanda kiliunda gari la kukimbiza makontena kwenye lami ya Ulaya na lilifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Kosa ni la aliyeniuzia mimi.

Na hapa ndipo ninapowaka. Kabla sijalipa hata senti niliandika kwenye WhatsApp, bado ninayo: "Nahitaji hosi ya kuvuta lobedi, mzigo ni kijiko tani 22, site nyingi ni za vumbi na milima." Jibu likaja ndani ya dakika mbili: "Hiyo inabeba hata tani 40 bosi, difu mbili, hospawa 420, ni mnyama." Na kidole gumba. Nikatoa milioni 82.

Dereva wangu, mzee aliyeanza kuendesha malori mimi nikiwa shule ya msingi, alilizunguka mara moja, akainama kuangalia habu za magurudumu ya nyuma, akaniambia, "Bosi, hili ni la kukimbia. Si la kuvuta." Nikamwambia mzee, hospawa 420 hizi. Akasema haya. Mzee akisema "haya" kwa sauti ile, rudisha pesa mfukoni. Mimi sikurudisha.

Sasa alichokiona mzee, nilichokuja kukielewa baada ya kuungua, ni hiki. Hospawa ni za injini. Injini haigusi barabara. Kati ya injini na tairi kuna giaboksi na difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma), na difu ndiyo inayoamua gari ni la nini. Difu ya gari la safari ndefu unaikuta kwenye uwiano wa 2.9 au 3 hivi, yaani propela shafti, ule mtaimbo unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara tatu, tairi inazunguka mara moja. Angalia Howo 371 zile tipa za kazi: nyingi utazikuta na 5.73 kwa jumla, maana ndani ya habu za nyuma kuna gia nyingine za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ndiyo maana habu zake zimevimba katikati kama kitovu cha mtoto. Za hosi yangu ziko bapa kama sahani. Kwa injini ileile na gia ileile, ya 5.73 inapeleka kwenye tairi karibu mara mbili ya nguvu ya kuvuta. Haina mbio, lakini nani anakimbia na kijiko mgongoni?

Najua kuna atakayesema, mbona hosi za transiti, zile za mizigo ya nchi jirani, zina difu hizohizo na zinapanda mlima Kitonga kila siku na jumla ya tani 56? Zinapanda, na hata yangu ilipanda. Kwa kunung'unika, lakini ilipanda. Lami ni lami. Tatizo linaanza ukiacha lami.

Lakini kabla ya huko kuna lobedi lenyewe. Hili nililitengenezesha karakana, ekseli tatu, na fundi ili kuokoa chuma akalifupisha sakafu. Nikaona ni dogo, zuri, linakata kona. Tumefika mizani ya Vigwaza, kibali cha mzigo usio wa kawaida ninacho kwa sababu kijiko kinazidi upana, jumla ya uzito tani 43.2, niko pazuri, natabasamu. Kuangalia makundi ya ekseli: mbele 6, lobedi 17.6, ekseli mbili za hosi zenye difu 19.6. Kikomo cha kundi lile ni tani 18, na hata ukiongeza ule msamaha wa asilimia 5 unapata 18.9. Sakafu fupi imekisogeza kijiko mbele: nimezidisha uzito juu ya hosi, na ekseli za lobedi zina nafasi kibao ya uzito! Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari ya 2016, ambayo kwetu ilianza kung'ata 2019, haikuulizi jumla peke yake, inakuuliza umeupangaje. Na tozo inakokotolewa kwa dola. Nikalipa, opereta akakirudisha kijiko nyuma sentimita kama 70 mpaka minyororo yake ya kutembelea ikapanda kwenye nundu ya lobedi iliyo juu ya ekseli, tukapima tena, 17.7, tukapita. Hilo sina wa kumlaumu sana, niliidhinisha mchoro mwenyewe. Ila mwenye mpango wa kuchomelea lobedi, tafadhali, peleka vipimo vya kijiko chako karakana kabla hawajakata chuma. Usipeleke maneno.

Tukalala Mikumi, maana mzigo wa namna hii unatembea mchana tu. Kesho yake Kitonga, halafu hapa Ilula tukaacha lami kuelekea site. Kilomita 9 za udongo mwekundu, mvua ilinyesha usiku. Kwenye kilima cha pili, wala si kikubwa, ng'ombe wanakipanda wakitafuna, gari likasimama. Kwa difu yangu, hata gia ndogo kabisa inataka gari litembee kasi ambayo barabara ile hairuhusu. Kwa hiyo dereva hana njia, inabidi aibane klachi nusu, yaani klachi inafanya kazi ya gia. Mara tatu alijaribu. Mara ya tatu moshi ukatoka chini ya kabini, harufu mnaijua, na tingo akaanza kutupa mawe nyuma ya tairi kama mtu anayefukuza fisi.

Tukakishusha kijiko palepale. Opereta akafunga mnyororo kwenye ndoano ya mbele, kijiko kikaivuta hosi pamoja na lobedi hadi juu, mahali pa kugeuzia. Watoto wa shule walipiga makofi. Mimi nilijifanya naongea na simu. Kisha kijiko kikatembea chenyewe kilomita 6 zilizobaki, nusu siku nzima, kinakula pini na roli za minyororo ambazo nilinunua lobedi ili zisiliwe. Hosi ikateremka taratibu mpaka barabarani, na trekta la mkulima likaisogeza hapa.

Jana fundi kashusha giaboksi abadilishe klachi. Kaniita: "Bosi, njoo na tochi." Nyuma ya kabini, upande wa kulia, chasisi (fremu ya gari) imeungwa. Ilikatika, ikachomelewa, ikabandikwa bamba la chuma ndani, ikapigwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu nyeusi juu yake. Giaboksi ikiwa mahali pake huwezi kuiona. Nikaanza sasa kuangalia kila kitu kwa macho ya mkwe. Tairi za nyuma walizoniambia "mpya kabisa bosi": kuna tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mbili zimeandikwa 2214. Wiki ya 22 ya mwaka 2014! Zimebandikwa mpira mpya juu, zinang'aa kama viatu vya sikukuu.

Nikapiga simu yadi. Bwana yule aliyekuwa ananijibu ndani ya dakika mbili sasa ana vikao asubuhi hadi jioni. Alipopokea akasema, "Kaka, risiti inasema gari linauzwa kama lilivyo." Ni kweli, imeandikwa chini, maandishi ya sisimizi. Nikamwambia sawa, na ujumbe wangu wa WhatsApp unasemaje? Kimya. "Kaka, hapa mtandao unasumbua."

Nimeongea na shemeji yangu ambaye ni wakili. Anasema kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji mapema anataka kitu kwa kazi gani, na ikaonekana alitegemea ujuzi wa muuzaji, basi kuna sharti kwamba kitu kiifae kazi hiyo. Hayo maandishi ya sisimizi atayapigania, lakini kuficha chasisi iliyokatika ni ugomvi mwingine kabisa. Ameniambia nisifute chochote kwenye simu, nipige picha ile chasisi kabla fundi hajagusa, na fundi aandike alichokikuta na kutia sahihi. Nimefanya. Mzee dereva naye ameomba aandike. Kaandika mstari mmoja: "Nilisema si la kuvuta."

Gharama hadi sasa: klachi na ufundi milioni 2.1, kukodi lobedi la mtu kupeleka rola milioni 1.8 (ndiyo, nimekodi tena), na rejesho la benki linaingia tarehe 5 bila kujali niko Ilula au mbinguni.

Kwa hiyo naomba msaada, na naomba wanaojua kweli, si wa "pole sana mkuu". Kuna aliyewahi kubadilisha ekseli za nyuma nzima kwenye hosi ya Ulaya, akaweka zenye gia ndani ya habu? Propela shafti iliwafaa au mlikata? Breki zilikubali? Au ni bora niuze hii kwa watu wa makontena, kwa bei ya hasara na chasisi ikiwa imetangazwa wazi, nitafute hosi nyingine ya difu mbili, iliyoundwa kwa kazi nzito? Na anayetaka kununua asiniulize hospawa. Achukue chaki, apige alama kwenye propela shafti na kwenye tairi, gari lisukumwe gia ikiwa huru hadi tairi izunguke mara moja, ahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Dakika tano. Ningekuwa na chaki ya shilingi mia ningekuwa nyumbani sasa hivi.

Picha za chasisi naweka jioni nikipata chaji. Halafu nusura nisahau: saa nne asubuhi dalali aliyenipeleka yadi kanipigia. Kasikia gari linanisumbua. Anauliza kama nitaliachia kwa milioni 60, maana kuna mteja wake amepata kazi huko Njombe, ana haraka, ana kijiko.